Sukari Imeshuka

Dada yangu mkubwa, mpendwa na mheshimiwa,

Pokea salamu zangu za heshima, na uwafikishie wote walio chini ya paa lako. Natumaini goti lako limetulia tangu ulipoacha kupanda ngazi, na kwamba macho yako bado yanakubali kusoma mwandiko wa mkono. Nikuombe radhi mapema kwa mwandiko wenyewe. Wewe ndiwe uliyenifundisha kushika kalamu kabla wamisionari hawajanipokea, nawe utaona mara moja kwamba herufi hizi zinatetemeka. Si uzee peke yake. Ni hofu, dada, na sina neno jingine la kuipambia.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Unisamehe nikisema kwamba simu yako hupokewa na wajukuu, nao huiweka sauti ya nje, hata nikikohoa huku nyumba nzima ya huko hunipa pole. Jambo hili nataka ulisome peke yako, ukiwa umeketi.

Kwanza nikuondolee wasiwasi: kaka yetu yu hai, yumo chumbani mwake, na homa hana. Anakula kidogo, na kuzungumza ndiko kumepungua zaidi.

Ulipomleta kwangu, yeye na cherehani yake, ulinishika mkono mlangoni ukaniambia nimlishe vizuri lakini nisimuue kwa vitamu, maana kisukari hakina mchezo. Nilikuahidi. Unajua kwamba marehemu mke wangu aliponitangulia nilikuwa sijui hata kuchemsha yai. Nilijifunza kupika kwa sababu ya ukimya. Sufuria ikichemka, nyumba huwa na mtu. Na kwa kuwa maisha yangu yote nilipanga herufi katika kiwanda cha chapa, ambako upana wa unywele ukizidi mstari hupinda, jikoni nako nikawa mtu wa mizani. Fundi (nami nimwite hivyo, kama mtaa mzima unavyomwita) alipoona napima unga kijiko kwa kijiko, alinipachika jina la Bwana Kipimo. Sasa hata muuza mayai ananiita hivyo.

Nilianza na keki, kwa kuwa ndiyo anayoipenda kuliko vyote. Nilitaka kupata keki ambayo ulimi ungeiita karamu na daktari angeiita dawa. Unga wa ngano niliuondoa, nikaweka maharage meusi yaliyochemshwa na kusagwa, nikayaficha ndani ya kakao. Siagi niliipunguza. Krimu niliitengeneza kwa mtindi uliochujwa katika kitambaa chepesi, ambacho Fundi mwenyewe alinikatia akidhani nataka kuchujia chai. Badala ya sukari niliweka ule unga mweupe unaouzwa famasi, mtamu ulimini lakini mwilini si chochote. Wali niliuacha, nikakwangua koliflawa ikawa punje nyeupe.

Matokeo ya mwanzo yalikuwa ya aibu. Fundi alitafuna keki ya kwanza, akaitoa mdomoni kwa adabu, akaniuliza ikiwa nimempikia sponji ya kuoshea vyombo. Ile ya pili alisema atanishonea mto nayo. Kuhusu wali wa koliflawa, aliomba nimwambie kwa upole ni nani kafariki, maana chakula kama kile kwa hakika ni cha matanga. Tulicheka sote wawili, lakini alikuwa hali. Akaniambia, safari hii bila kucheka, kwamba nimrudishie chakula cha watu, na kama ni kufa afe akiwa ameshiba. Siku chache baadaye chakula changu kikaanza kumpendeza. Akaisifu keki kwa wateja wake. Akawa akimaliza sahani na kuipangusa kwa kidole. Kila asubuhi alipojipima, kipimo kilisoma vizuri, na nilijiona nimeshinda mtihani ambao hata madaktari huuogopa. Kiburi, dada. Nakiita kwa jina lake.

Sasa nikueleze lile la Jumapili. Tulikuwa tumemaliza chakula cha mchana, Fundi akiwa amejidunga sindano yake kama kawaida. Yeye alikuwa sebuleni anashona, mimi jikoni napiga ute wa mayai, kazi ambayo ukiiacha katikati umeiharibu. Redio ilikuwa ikisoma bei za sokoni: mchele umepanda, vitunguu vimepanda. Ndipo nikamsikia Fundi akisema kutoka sebuleni, kwa sauti ya kawaida kabisa, “Bwana Kipimo, sukari imeshuka.”

Nikamjibu kwamba afadhali, maana wauzaji walikuwa wametuchinja vya kutosha.

Akasema tena, polepole zaidi, kwamba imeshuka, imeshuka sana. Nami, Mungu anisamehe, nikamwambia nimesikia, kaka, na tumshukuru Mola, nitamjulisha na msusi wa nyumba ya pili aanze kununua ya akiba. Nikaendelea kupiga mayai. Nilikuwa nawaza bei, dada, wakati ndugu yangu ananiita nimwokoe.

Kilichonitoa jikoni ni cherehani. Ilikuwa inakwenda bila kupumzika, na fundi yeyote hupumzika kugeuza kitambaa. Nilipochungulia, chini ya sindano hapakuwa na kitambaa. Mguu wake ulikuwa unakanyaga tu. Shati lilikuwa limemganda mgongoni kwa jasho, macho yakiwa wazi, na aliponitazama aliniita baba, akaniomba nisimchape, kwamba kondoo wamerudi wote.

Nilikuwa najua dalili hizo. Daktari alitufundisha sote wawili. Apewe sukari upesi. Nikakimbilia jikoni, nikafungua kabati, na hapo ndipo nilipokumbuka. Katika nyumba yangu hapakuwa na chembe ya sukari. Nilikuwa nimeigawa yote, kwa majivuno, nikisema siihitaji tena. Nikashika kopo la ule unga mweupe. Nakuapia kwamba akili yangu ilijua, lakini mkono haukujua. Nikamtia kijiko cha kwanza mdomoni, na cha pili. Akaulamba, akatabasamu kama mtoto, akasema ni tamu. Na huku anasema ni tamu, kichwa kikamlalia begani, mate yakamtoka, nami nikazidi kumlisha utamu usiokuwamo. Sijawahi kuona kitu cha kutisha kuliko tabasamu lile.

Nilipiga kelele. Msusi akaingia mbio, vidole vimejaa mafuta ya nywele, akauliza sukari iko wapi. Nilipomwambia haimo, alinitazama kama niliyesema nyumba haina sakafu. Alitoka akarudi na soda aliyompokonya mteja wake mdomoni, na mteja mwenyewe akamfuata nyuma, nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama, akiuliza kuna nini. Tulimpakaza Fundi soda ndani ya shavu, tone baada ya tone, msusi akimsemesha kwa ukali kwamba asithubutu, kwamba ana gauni lake la harusi halijaisha na hatakubali kuolewa bila mikono. Alipokohoa na kumeza, msusi alikaa sakafuni akalia. Mimi sikuweza hata kukaa.

Hospitalini tulikompeleka walimsaidia vizuri. Daktari akataka kujua chanzo. Alimwuliza Fundi ikiwa amebadili chakula. Fundi akajibu kwamba hapana, anakula vilevile, tena ndugu yake anampikia mapochopocho. Basi daktari akamwuliza kama yawezekana alijidunga mara mbili kwa kusahau. Fundi akanitazama, kisha akasema, pengine.

Neno hilo “pengine” ndilo lililoharibu kila kitu. Ndilo lililokufikia wewe, ukatuma ujumbe kwamba utakuja kumchukua, kwa kuwa mtu anayejidunga mara mbili bila kukumbuka hawezi kuachiwa sindano. Sikulaumu, ningesema vivyo hivyo. Lakini uone lilivyomfanya. Amekunja kazi zake. Mkasi wake mzuri amempa msusi, akisema mkono usiokumbuka usishike chuma. Kila asubuhi huniita nisimame mbele yake anapojidunga, kisha huniuliza kama nimeona, na baada ya muda huniuliza tena. Mchana akijilaza, mimi husimama nje ya mlango wake kusikiliza kama anapumua, nami humsikia ananong’ona. Nilidhani anasali.

Dada, hakujidunga mara mbili. Nilikuwapo, niliona kwa macho yangu. Na akili yake ni nzima kuliko yangu.

Alipokataa vyakula vyangu na kudai chakula cha watu, nilimwambia nimekubali. Nilimwambia sukari imerudi, ngano imerudi, wali ni wali. Haikurudi hata punje moja ya mchele. Nilijifunza tu kudanganya vizuri zaidi: nikachanganya punje chache za wali juu ya koliflawa, nikaongeza kakao, nikaongeza ule unga mweupe. Kila alipoisifu keki yangu nilishukuru, nami nikijua anasifu kitu asichokula. Naye, kwa kuwa aliamini anakula ngano na sukari, alijidunga dawa ya mtu aliyekula ngano na sukari. Dawa iliingia mwilini ikakuta hakuna kitu cha kupambana nacho isipokuwa yeye. Na daktari alipouliza juu ya chakula nilikuwa nimeketi kando ya kitanda, nikatazama viatu vyangu. Niliogopa. Niliogopa kwamba ukijua utamchukua, nami nitabaki na sufuria na ukimya. Kwa hofu hiyo nikamwacha ndugu yangu aamini kwamba anarukwa na akili.

Nilikuwa nimeandika mpaka hapa jana alasiri. Kisha nikaona kwamba nikiipeleka barua hii posta kabla ya kumwambia mwenyewe, nitakuwa nimemficha mara ya pili. Nikaenda nikabisha hodi mlangoni kwake.

Alinisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo hujawahi kuliona kwake, wala mimi. Nilipomaliza hakuniuliza kwa nini. Aliuliza kama kweli alijidunga mara moja. Nikasema mara moja. Akauliza kama basi kichwa chake ni kizima. Nikasema ni kizima, kaka, kizima kabisa. Akajifunika uso kwa mikono yote miwili, mabega yakamtikisika. Nilimsogelea, akaniambia nisimguse. Ndipo akanieleza kwamba kule kunong’ona hakukuwa sala. Alikuwa akirudia majina ya watoto wako na wajukuu zako, mmoja mmoja, ili utakapokuja kumchukua usimkute amesahau hata mmoja. Kisha akasema neno ambalo kwa heshima yako sitaliandika, lenye maana kwamba angekula hata uchafu kutoka mkononi mwangu, mradi ningemwambia kwamba ni uchafu.

Leo asubuhi nilimwekea mezani vitu ambavyo mtu hawezi kuvibadilisha ndani: yai la kuchemsha kwenye ganda lake, chungwa lisilomenywa, na mkate wa kununua ukiwa bado kwenye karatasi yake. Aliyasoma yale maandishi ya karatasi mpaka mwisho. Akaniambia nianze mimi. Nikala. Alinitazama mpaka nikameza. Kisha akamenya chungwa mwenyewe, akalinusa, akajidunga sindano mbele yangu bila kuniuliza kama nimeona, na akakaa ameshika mkate bila kuupeleka mdomoni.

Dawa ilikuwa imekwisha kuingia. Yeye anajua, nami najua, kwamba baada ya hapo lazima ale. Nilitaka kumsihi, nikaogopa kwamba sauti yangu ndiyo itakayomfanya auweke chini. Niliweka mikono chini ya meza, nikimtazama ndugu yangu anaamua.

Akaniambia niache kumkodolea macho kama keki iliyo ndani ya oveni. Akauma mkate.

Kesho tutakwenda kwa daktari pamoja, na atakayesema ni mimi. Wewe njoo kama ulivyopanga, ila nakuomba kwa magoti usije ukamsema. Wa kusemwa yupo, naye ndiye aandikaye. Kama ataondoka nawe au atabaki, hajaniambia, nami sithubutu kuuliza. Akichagua kwenda, nitamfungia mizigo kwa mikono yangu na kuibeba mpaka kituoni.

Niwie radhi kwa urefu wa barua, kwa mwandiko, na kwa kilichomo. Wasalimie wanao na wajukuu wote; kaka anasema nikuandikie kwamba anawasalimu kwa majina. Mola akulinde, na goti lako lipone.

Mimi mdogo wako, mwenye haya na mwenye heshima kwako,

Kitindamimba wenu