Babu Hapandi Gari la Kigeni

Mpendwa Bi Winifred,

Naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanicheka, maana najua swali langu litaonekana la mtoto aliyeshiba, lakini mwenzio silali, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu hapa chuoni East Lansing, nina hela mkononi ya kununua gari na nimeshindwa kuchagua kati ya sedani tatu, BMW Series 3, Lexus IS na Cadillac CT4, zote zimetumika kidogo, zote nimeziendesha zaidi ya mara moja, na kadiri ninavyozidi kuziendesha ndivyo ninavyozidi kuchanganyikiwa.

BMW ukiishika usukani unahisi imekuelewa kabla hujakata kona, na pale kwenye maegesho ya kitivo chetu ndiyo wanayokuja nayo wenzangu ambao baba zao ni madaktari wa meno, na sitaki kukudanganya kwamba hilo halinigusi. Lexus ni kimya mpaka unasikia unavyopumua, viti vya ngozi vinapasha joto mgongo wote, na kila fundi niliyemuuliza ameniambia chukua hiyo kijana, utanishukuru. Cadillac nayo ni nzuri, sina la kuikosoa hata moja, iliundwa hapa hapa Lansing, ila nikikaa ndani yake najiona Babu, najiona sitatoka mji huu mpaka nazikwa, na ukweli ni kwamba kama si Babu nisingeifikiria kabisa.

Babu ndiye aliyenilea tangu mama yangu alipofariki, na ninyi wa Lansing mtaijua aina yake hata kama hamumjui yeye. Alikuwa akifunga milango kwenye magari mapya kiwandani maisha yake yote ya kazi, kile kiwanda cha upande wa magharibi ambacho siku hizi ni saruji tupu na uzio, na nyumbani kwake kuna sheria moja ambayo haijawahi kuvunjwa, kwamba gari la kigeni halikanyagi uwanja wake. Ukija nalo unaliacha barabarani. Padri aliliacha lake barabarani siku ya msiba wa mama. Shangazi Lorraine, binti yake wa kumzaa, ana Honda, na kila Sikukuu ya Shukrani anaiegesha nyumba ya tatu kutoka pale na kuja kwa miguu kwenye theluji na bakuli la viazi mikononi, na Babu anamsubiri mlangoni akimpigia makofi, “Karibu mama, karibu! Pole na safari ya ng'ambo!” Shangazi anamjibu, “Na wewe pole na uzee, mzee wangu,” kisha wanakumbatiana. Ndivyo tulivyokua.

Msimu wa vuli Babu aliuza kibanda chake cha kule kaskazini alikokuwa akienda kuwinda kulungu kila Novemba, akaniita jikoni akanipa hela.

“Chukua, bwana mdogo. Nunua gari la heshima, siyo bati. La watu wetu.”

“Na wewe Babu utawindia wapi?”

“Wale kulungu wamenizoea. Hawakimbii tena wakiniona, wananisalimia. Hakuna raha.”

Nilicheka, nikamshukuru, nikaanza kuzunguka kwenye yadi za magari, na hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu ningenunua Cadillac wiki ile ile yote yangekwisha, lakini nilizunguka vuli nzima na baridi nzima, leo naipenda hii kesho naipenda ile, mpaka Jumamosi iliyopita gari la zamani la Babu, ambalo ndilo tulilokuwa tukilitumia wote wawili, likafa giaboksi katikati ya barabara tukitoka hospitali. Nilisahau kukwambia kwamba Babu figo zake zimekwisha, na kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi nampeleka kusafishwa damu kwa mashine, anakaa pale nusu ya siku na sindano mkononi, nami nasoma pembeni yake.

Basi Jumatatu muuzaji mmoja aliniruhusu nikae na Lexus siku chache za majaribio, nikaenda nayo kwa Babu, nikaiacha barabarani kama kila mtu, nikaingia.

“Umekuja na nini?”

“Lexus, Babu. Ya kujaribu tu.”

Alisogeza pazia akaitazama kwa muda. “Milango imekaa sawa,” akasema. “Aliyeifunga anaijua kazi.”

Bi Winifred, nilidhani nimepata baraka. Usiku ule nililala. Jumanne nikaenda kumchukua kwenda hospitali nikamkuta kwenye kiti chake, hata viatu hajavaa.

“Mimi hicho sikipandi.”

“Babu, ni mwendo mfupi tu. Funga macho ukitaka.”

“Hata nikifunga pua. Wewe nunua unachotaka, sikugombezi, hela nimekupa kwa moyo mweupe. Lakini mimi hicho sikipandi.”

Nilimbembeleza mpaka nikachoka, nikampigia Shangazi Lorraine akaja na Honda yake, Babu akafungua dirisha akamwambia, “Binti yangu, nikitaka kwenda Japani nitakata tiketi,” na mimi na Shangazi tulicheka pale barabarani, tulicheka kweli, tukasema mzee ni mzee, atakuwa amelegea keshokutwa. Alhamisi hospitali wakatuma gari lao la kubebea wagonjwa, na hilo nalo akalirudisha, ingawa limeundwa na kampuni aliyoifanyia kazi, lina nembo ile ile aliyoivaa kifuani miaka yote, akamwambia dereva kuna utelezi barabarani, asante, siku nyingine.

Leo ni Ijumaa. Miguu imemvimba mpaka viatu haviingii, analala ameketi kwa sababu akilala chali pumzi inakatika. Jana jioni nilimkuta anamkabidhi jirani vifaa vyake vyote vya gereji, spana na jeki na kila kitu, akimwelekeza ipi inakwama na ipi haifai kulazimishwa. Nikamuuliza kulikoni, akasema anataka nafasi. Shangazi amenipigia simu analia, ameniambia nimemuua baba yake kwa sababu ya viti vya ngozi, na ni kweli, nilivipenda vile viti.

Naomba uniambie leo hii. Nikirudisha Lexus nikachukua Cadillac, Babu atapanda? Na asipopanda je? Au nimeshachelewa, na nikiichukua sasa itakuwa ni ya kuendea mazishini? Ninunue ipi, Bi Winifred? Nakuomba. Sina mtu mwingine wa kumuuliza, maana niliyekuwa nikimuuliza mambo ya magari ni yeye.

Ni mimi,
Mjukuu Niliyekwama, Lansing

*

Mjukuu uliyekwama,

Jibu hili nimekutumia kwenye barua pepe mara tu nilipomaliza kukusoma, kwa sababu halikuweza kusubiri gazeti la Jumapili. Hapa nalichapa kwa ajili ya wengine wenye babu wa namna hiyo, na mji huu wamejaa.

Pole, mwanangu. Pole sana. Huo ni mzigo wa watu wazima watatu na umeubeba mwenyewe, tena na mitihani juu yake.

Sasa nikugombeze. Unajua sana kuandika habari za viti. Nimejua usukani unavyokata kona, nimejua mgongo unavyopata joto, nimejua mpaka kazi za baba za wenzako, na figo za babu yako ukaniambia ulisahau kuzitaja. Hukusahau. Uliziweka nyuma ya sedani tatu ili usizione, kwa sababu kuchagua gari unaweza, na hili jingine unaona huliwezi.

Soma tena barua yako mwenyewe, pale kwenye gari la hospitali. Lilikuwa la kampuni yake. Lilikuwa na nembo yake. Halikutoka Japani wala Ujerumani. Mtu ambaye shida yake ni gari la kigeni angelipanda lile huku anapiga mluzi, na angemkagulia dereva milango. Babu yako akasingizia utelezi, mzee aliyeendesha kwenye barafu ya Michigan maisha yake yote! Unganisha na kibanda alichouza. Unganisha na spana alizogawa. Kijana, babu yako hajaikataa Lexus. Amechoka na ile mashine, na alikuwa amechoka kabla hujaanza kuzunguka kwenye yadi. Hela ile alikupa akijua kwamba hilo gari, liwe lipi, yeye hatakaa ndani yake siku nyingi.

Halafu ukaja na gari la kigeni, ukamletea kisingizio kizuri kuliko vyote, ambacho hakuna mtu wa nyumba ile angekitilia shaka. Alitaka kuondoka bila kuwaliza. Ninyi mkacheka, kama alivyotaka. Sikulaumu kwa hilo. Ningekuwa pale barabarani na mimi ningecheka.

Na Shangazi Lorraine aache maneno yale. Hujamuua mtu. Mwambie Winifred amesema, na kama ana hasira anipigie mimi, namba yangu iko chini ya ukurasa huu.

Fanya hivi. Piga simu hospitali sasa hivi, waambie miguu imevimba na analala ameketi, waambie amekosa mara mbili. Wao watakueleza afikishwe vipi na upesi gani. Usikawie, kwa sababu uchafu ukizidi kwenye damu hata akili inavurugika, na mimi nataka azungumze nawe akiwa na akili zake. Lexus mrudishie muuzaji. Na ninakukataza kabisa kwenda kwa Babu na Cadillac inayong'aa ukidhani umempelekea dawa. Ukifanya hivyo utakuwa umemnyang'anya kisingizio, naye kwa jinsi anavyokupenda atavaa viatu hivyo hivyo na miguu iliyovimba, atapanda, na atarudi kwenye sindano kwa ajili ya kukufurahisha wewe. Huo ni ukatili, hata kama umeufanya kwa mapenzi.

Nenda mikono mitupu. Mwite na shangazi yako akitaka, lakini wewe ndiye umuulize, maana wewe ndiye uliyekuwa ukikaa pembeni ya ile mashine. Usiulize habari za gari. Sema hivi: “Babu, unataka kuendelea na mashine, au umechoka?” Atakutania. Atakuletea habari za kulungu. Mwache amalize, cheka kama inachekesha, kisha muulize tena kwa maneno yale yale.

Akisema anataka kuendelea, mpeleke hata kwa teksi, hata kwa gari la zimamoto. Akisema amechoka, ni haki yake, madaktari wanaijua haki hiyo na wala hawatamshangaa. Waombeni wawape watu wa kuja kumtunza nyumbani ili asiumie, waombeni wawaeleze bila kuficha siku zitakavyokuwa, na mgawane zamu na shangazi yako. Itauma. Sitakudanganya kwamba ukifuata ushauri wangu haitauma, na hakuna gari la kukuvusha hapo.

Umeniuliza ununue ipi. Sijui, na wiki hii sitaki kujua. Funga kompyuta, vaa koti, nenda. Na akikujibu jambo ambalo hukutaka kulisikia, usitoke chumbani, usiende kumpigia mtu simu, usimwambie, “Usiseme hivyo, Babu.” Kaa hapo hapo mpaka amalize kusema.

Bi Winifred