Moto wa Ukutani na Jiko la Ekzosi

Jumapili, 22 Juni 1986

Baridi. Ukungu umekaa juu ya Kilungu tangu Alhamisi kama mgeni asiyejua kuaga. Kalunde hakwenda kanisani. Mchungaji akamwombea mbele ya watu wote — maombi marefu, miguu ikafa ganzi. Tulipotoka nikamwambia, mchungaji, ombea na jua pia, huyo mama hana kingine ila baridi.

Uongo wangu. Daktari alisema Jumanne. Mapafu yamechoka. Asikae kwenye moshi. Asikae kwenye baridi. Nikamuuliza, na huo moto usio na moshi unauzwa soko gani? Akacheka, akaandika dawa. Ngumbaru imenifundisha kusoma uzeeni, lakini maandishi ya daktari yule hata Mungu anayakisia.

Kwa hivyo Kalunde amefukuzwa jikoni kwangu. Mke mwenzangu. Miaka arobaini na moja amekaa upande wa mlango, mimi upande wa mahindi, mafiga matatu na moto katikati. Mzee wetu akafa, tukaendelea kukaa. Sasa analala peke yake katika nyumba ya mawe aliyojengewa na mwanawe Nzioka. Sakafu ya simiti. Baridi kama tumbo la chura. Nyumba nzuri sana, watu hupita wakaisifu, kisha wanakimbilia kwangu kuota moto.

Jumatatu, 23 Juni

Nzioka amekuja likizo. Anapika katika nyumba ya tajiri mmoja Limuru, na sasa kila kitu ni Limuru. Chai ya Limuru, mkate wa Limuru. Leo alichora chini kwa kijiti kitu kinaitwa faiaplesi. Unatoboa ukuta, unaweka moto ndani ya ukuta, moshi unapanda kwenye bomba la matofali. Wewe unakaa mbele kwenye kiti unasoma gazeti.

Nikamuuliza, mwanangu, mama yako anasoma gazeti gani?

Moto ukutani. Kama mtoto aliyekosea akaambiwa asimame pale pembeni. Moto watu huuzunguka. Huu wa Nzioka una mdomo tu, hauna mgongo. Nusu ya joto inapasha ukuta. Nikamwambia watu wa Limuru wana makoti mazito, ndiyo maana hawajagundua.

Kalunde alicheka mpaka akakohoa. Kisha akakohoa tu.

Nzioka ameshamwita fundi Kisilu. Kisilu amejenga vyoo kila mahali kutoka hapa mpaka mji wa Salama. Faiaplesi hajaiona hata moja. Anasema faiaplesi na choo ni kazi moja, tofauti ni kwamba moja kitu kinapanda na nyingine kinashuka. Nzioka hakucheka. Mimi nilicheka.

Jumatano, 25 Juni

Zamu ya nyumba yangu nayo imekuja. Binti yangu Mumbua, aliyeolewa kule Tulia, ameshuka na pikapu ya kukodi kutoka Salama, na nyuma kuna mnyama wa chuma. Jiko, anasema. La kupasha nyumba. La kumpasha mama mkubwa.

Tulia! Kule jua linaivisha yai ndani ya kuku. Baridi ya Tulia ni kivuli. Na ndiye anatufundisha kuota moto sisi watu wa milimani.

Jiko limetengenezwa na Othman wa Salama, yule anayechomelea malori. Pipa la mafuta limekatwa, miguu ya nondo, kamlango kenye bawaba ya geti, na bomba la moshi ni ekzosi ya lori. Linasimama pale uani kama ng'ombe aliyezaliwa bila kichwa. Nikamwambia Mumbua, siku tukiliwasha litang'oka lielekee Mombasa.

"Mama, moto unafungiwa ndani," akasema. "Moshi wote unatoka nje. Othman ameuzia shule mbili. Ukikaa karibu huoni moshi hata kidogo."

"Na moto nitauona?"

"Huuoni, lakini joto —"

"Kwa hivyo tunakaa gizani tunatazama pipa."

Ndipo Kalunde akaita kutoka kitandani. Tukaingia wote watatu. Nzioka akasema yake, Mumbua akasema yake, wakaanza kusema pamoja. Kalunde akainua mkono. Akasema, "Syombua atachagua. Mimi nitaota atakachosema." Akafumba macho, mjanja yule.

Anajua alichofanya. Nyumba yake ndiyo kubwa, yangu ndogo. Nikisema jiko la chuma, watu wa ukoo watasema Syombua amechagua mwanawe, amemkanyaga mtoto wa nyumba kubwa. Nikisema faiaplesi, Mumbua atarudi Tulia na machozi yake. Nimesema vyote viwili ni takataka. Hilo hakuna anayeweza kunishtaki nalo.

Alhamisi, 26 Juni

Mumbua amerudi kwake. Ng'ombe wa chuma ameachwa chini ya upenu wa ghala. Kuku wamempenda.

Kisilu anavunja ukuta. Kalunde amehamishiwa kwa muda chumba cha mahindi. Vumbi kila mahali. Dawa ya mapafu.

Jumamosi, 28 Juni

Leo wamewasha faiaplesi.

Nzioka amevaa shati jeupe. Akamleta mama yake akamkalisha kwenye kiti, blanketi magotini, kama picha ya kalenda. Majirani mlangoni. Akapanga kuni zikasimama vizuri, za kutazamwa. Akapiga kiberiti. Moto ukashika. Mzuri, nisidanganye. Uso wa Kalunde ukawa mwekundu na mdogo, kama wa msichana.

Kisha moshi ukageuka. Ulipanda kidogo, ukafikiri, ukarudi. Ukaingia chumbani kama mwenye nyumba. Majirani wakakimbia. Nzioka akasema kuni ni mbichi. Kuni zangu! Zimekaa kwenye dari yangu miezi saba. Nikambeba Kalunde nje na kiti chake, Kisilu akashika miguu miwili ya nyuma.

Huko nje nikatazama juu. Bomba la matofali lina kofia ya bati. Imebanwa, imeacha nafasi ya vidole vinne. Nikamuuliza Kisilu, moshi upite na vidole vinne? Akatazama chini. Akasema ni kwa sababu ya bundi.

Ni kweli, bundi amelia kwenye mkaratusi siku tatu sasa. Kila mtu amemsikia. Hakuna aliyemtaja, kwa sababu kuna mgonjwa. Kisilu akasema hawezi kujenga tundu la ukubwa ule juu ya kichwa cha mgonjwa na yule ndege yuko pale. Akiingia je? Atakuwa amemjengea kifo mlango.

Nikamwita mpumbavu. Nikamwita fundi wa choo. Nikamwambia Nzioka, wewe uliyetembea, uliyeona Limuru, panda uondoe hilo bati.

Nzioka akatazama mkaratusi. Hakupanda.

Mimi pia sikumwambia mara ya pili.

Jumanne, 1 Julai

Faiaplesi imekaa pale mdomo wazi, baridi inaingia kupitia kwake. Kwanza chumba kilikuwa na baridi. Sasa kina baridi na shimo.

Kalunde ameanza kuhesabu maneno. Anasema moja, anapumzika, anasema lingine. Ananitukana kwa vipande.

Jumatano, 2 Julai

Nitaandika hili hata mkono ukikataa.

Mchana, ukungu mzito. Nzioka alikuwa ameenda sokoni. Meno ya Kalunde yalikuwa yanagongana, nikasikia kutoka uani. Nikachoka na mafundi. Nikachukua jiko dogo la makaa, nikalijaza, nikalipepea nje mpaka makaa yakawa mekundu yote, hakuna moshi, hata uzi. Nikasema, huu hapa moto ambao daktari alishindwa kunionyesha. Nikajisifu. Nikaliweka karibu na kitanda chake. Nikafunga dirisha. Nikaziba mdomo wa faiaplesi na mkeka. Nikaziba chini ya mlango na gunia ili joto lisitoroke. Nikamwambia lala, bibi mkubwa, umetengenezewa Limuru. Akatabasamu. Nikaenda kukata nyasi za ng'ombe.

Nilikata nyasi nyingi. Nilikuwa naimba.

Niliporudi nikamwita kutoka mlangoni. Kalunde. Hakuitika. Nikamwita na jina la baba yake. Nikasukuma mlango, kichwa changu kikazunguka palepale. Yeye alikuwa amelegea, mdomo wazi, mate. Nikamshika na shuka, nikamvuta sakafuni, mlangoni, kwenye ngazi — ngazi zile za simiti, alijigonga kisigino — mpaka kwenye matope. Mzito. Mtu mdogo vile, mzito hivyo. Nikampiga makofi. Nikamwita majina mabaya yote niliyomwita mwaka wa kwanza tulipokuwa hatuzungumzi. Nikaongeza mengine.

Akatapika. Akafumbua jicho moja.

"Miaka arobaini na moja umengoja," akasema. Akapumzika. "Na umeshindwa."

Nikakaa kwenye matope. Nilicheka au nililia, sijui. Ng'ombe alikuwa anakula nyasi kwenye kikapu.

Makaa yale hayakuwa na moshi. Lakini yalikuwa na kitu. Nimeziba kila tundu, kikakosa pa kutokea, kikamwingia yeye. Na mimi nimemcheka Kisilu kwa vidole vinne. Mimi sikuacha hata kimoja.

Alhamisi, 3 Julai

Nimechagua.

Niliamka mapema nikatoa kuku kwenye jiko la Othman. Nikachunguza. Nikaingiza mkono kwenye ile ekzosi mpaka bega. Upepo unapita. Nikalipigia magoti nikatazama ndani kama ninayemkagua ng'ombe sokoni. Baya. Baya kabisa. Lakini lina pa kutolea.

Nikamwambia Nzioka mbele ya mama yake, ni jiko la chuma.

Akautazama mdomo wa faiaplesi. Kisha akasema polepole, "Nilijua, mama mdogo. Tangu siku ya kwanza. Kitu cha Mumbua."

Nikasema ni kitu cha mapafu.

Akasema, "Juzi tu hukujali mapafu. Jana ulikaribia kumuua, leo unatuchagulia?"

Kalunde akasema, "Nzioka." Neno moja tu, alikuwa hana la pili. Lakini kijana alikuwa ameshatoka. Amechukua koti lake. Nasikia yuko kwa Kisilu.

Hakusema uongo.

Nilitaka kumwambia kitu kingine, na sikumwambia, nitakiandika hapa. Nilipoletwa boma hili mwaka wa arobaini na tano, mke wa pili, sikuwa na moto. Mama mkwe alisema moto wa boma hauanzi na kiberiti, unaombwa nyumba kubwa. Nilisimama kwa Kalunde mlangoni na kigae mkononi kama mwombaji. Alikuwa na mimba ya huyu huyu Nzioka. Hakunitazama. Alichukua kaa moja, akaliona dogo, akalirudisha. Akanipa kubwa. Kisha akafunga mlango kwa nguvu.

Moto ule sijauzima. Kila jioni nafunika kaa na majivu, asubuhi nafukua. Moto wangu ni wake. Kama kuna mwenye kusema nyumba kubwa na nyumba ndogo, aanzie hapo.

Ijumaa, 4 Julai

Nzioka hajarudi. Mvua nyembamba. Bundi kimya. Hiyo nayo sikuipenda.

Nimemlaza Kalunde na mbuzi wawili chumbani. Wanapasha. Ananiambia wananuka. Nikamwambia wanasema hivyo hivyo juu yako.

Jumamosi, 5 Julai

Asubuhi Othman amekuja mwenyewe kutoka Salama, Mumbua alikuwa amemtumia habari. Mtu mpole, kofia yake nyeupe, mikono imeungua kila mahali. Amenisalimia vizuri, shikamoo mama. Akaingia ndani, akatazama faiaplesi ya Kisilu kwa muda. Nikangoja acheke ili nicheke naye.

Hakucheka. Akasema matofali yamepangwa vizuri. Akasema jiko linaweza kukaa hapa hapa mdomoni, na ekzosi ipande ndani ya bomba hili la matofali, itokeze juu. Hakuna haja ya kutoboa bati la nyumba. Lakini ile kofia ya bati lazima itoke. Akapima ekzosi na vidole. "Ndege gani ataingia hapa, mama? Labda chiriku."

Nikasema sawa. Panda.

Akasema hapana. Si nyumba yake. Kuna mgonjwa, na amesikia kuna mtoto wa kiume. Mtoto ndiye apande.

Kwa hivyo nikamtuma Kisilu, aliyekuwa amekuja kuchungulia, akamwite. Sikutuma maneno matamu. Nilisema mwambie mama mdogo anasema matofali yako yanahitajika.

Saa tano hivi amekuja. Hakunisalimia. Amemsalimia Othman, amezunguka jiko mara mbili, amelipiga teke kidogo kwenye mguu. Akachukua ngazi. Sasa yuko juu ya paa. Nasikia nyundo, kisha kimya, kisha nyundo. Sijui kama anang'oa ile kofia au anaikaza. Othman amesimama chini ameshika ekzosi wima kama mtu anayeshika bendera.

Mimi nimekaa chumbani kwa Kalunde. Daftari gotini. Mbuzi nimewatoa. Miguuni pangu kuna kigae, na kaa kutoka kwangu la kuwashia jiko, kubwa, chini ya majivu. Nililichagua.

Kalunde anasema, "Anafanya nini?"

Nimemwambia sijui.

Amepumzika. "Kaa bado hai?"

Nimefukua kidogo, nimepuliza. Hai. Juu nyundo imenyamaza tena, na vumbi jekundu la matofali linaanguka kidogo kidogo kwenye mdomo wa faiaplesi.