Asumini Nyuma ya Ukuta wa Kasri

Al Quoz, Dubai

Mamangu mpenzi,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Mimi ni mzima, ila joto la huku halina adabu. Goti lako je? Barua hii ina ombi la ndoa, lakini nakujua, tafadhali usirukie mwisho.

Hoteli imenihamishia bustanini. Mwenye hoteli aliona Italia bustani ya kasri yenye miaka mia tano, akajenga mfano wake kule Marina, tunakofanyia kazi: ukuta wa matofali unaompita mtu kimo, vitalu vinne vya mraba, chemchemi katikati. Maua ya Ulaya yakakauka yote. Madam, msimamizi wetu, akasema tupande chochote kitakachostahimili jua, nami nikapanda asumini na mrehani. Mama, jioni mlango ukifungwa, ni kama niko uani kwetu Lamu. Mara ya kwanza nililia.

Siku moja hamu ya nyumbani ilinizidi, nikatunga asumini na mrehani kuwa kikuba, nikakibana kifuani. Najua, msichana ambaye hajaolewa havai kikuba. Usinigombe.

Basi yuko fundi mwashi, Famau, kijana wa Pate, anayeziba nyufa za ule ukuta. Tulikuwa tukizungumza kila siku. Tangu kikuba kile akawa ananipita kama hanioni, nami sikujua nimemkosea nini. Fridah, mlinzi wa mlangoni, Mkenya mwenzetu wa Meru, akamuuliza. Akajibiwa kuwa yeye hapigi soga na mke wa mtu. Fridah, ambaye kikuba hakijui, akaja kuniuliza mume nimemficha wapi! Nilicheka hadi nikakaa chini. Kisha nikaona haya, maana nilielewa kwa nini kimya cha Famau kiliniuma hivyo.

Fridah alimwambia kuwa sina mume. Siku hiyohiyo Famau akampigia mamake simu.

Mama, anataka kunioa, nami namtaka. Najua uliapa hutanioza kwa mtu ambaye hujamtia machoni, kwa hiyo nimemwambia neno ni lako. Mwezi ujao, inshallah, atakuja kwako na wazee wake. Muulize utakalo. Mabinti wa mtaa mzima umewatungia vikuba vya harusi zao, na mimi nilikuwa nakuchumia asumini tu. Ukimkubali, usiniandikie. Tunga kikuba, mpe aniletee. Hata kikifika kimenyauka, nitakivaa.

Nisalimie shangazi Ummi na jirani zetu wote. Goti ulikande kwa mafuta ya moto, usifanye ubishi.

Mwanao akupendaye,
Shifaa