Mimi na Binti Yangu Tumepata Chuo Kimoja

Mpendwa mshauri, nisaidie mwenzio kabla ya Ijumaa, siku ya mwisho ya kuthibitisha nafasi ya chuo. Mimi ni muuguzi wa cheti, mwaka wa ishirini na mbili huu niko wodi ya upasuaji, shahada nimeitamani tangu binti yangu hajazaliwa, na sasa mwajiri kakubali nikasome, mimi na binti tukaomba wote wawili, fomu kanijazia yeye maana mimi na simu hatuivi chungu kimoja, majibu yakatoka, uuguzi, chuo kimoja, darasa moja, nikacheka mpaka machozi, lakini kesho yake, maana anajitolea wodini kwetu, nikamkuta anamfunga mgonjwa bandeji ya mguu, anafunga vizuri tu ila taratibu, na mkono wangu, sijui ulitumwa na nani, ukamnyang'anya nikamalizia mimi, mgonjwa akanisifu, binti akanawa mikono akatoka, jioni jikoni akaniambia bila hasira, "Mama, hujawahi kuniacha nikamaliza kitu," na tangu hapo barua yangu ya chuo nimeificha chini ya sare, nataka nimwachie chuo chake apumue, ila ruhusa hii nikiikataa siipati tena, na roho inaniuma kotekote.

Muuguzi wa Bandeji

Dada yangu, pole na hongera kwa pamoja. Barua yako imenigusa, ila nitakugombeza kidogo. Ulimnyang'anya binti kazi mbele ya mgonjwa, sasa unataka kumnyang'anya na uamuzi. Kasema umwache amalize, hakusema umwache. Tena fomu alijaza yeye, na vyuo viko vingi. Hapo hukupaona?

Leo hii mwombe radhi, na usianze kumsimulia uzoefu wako wa miaka ishirini na mbili. Kisha mpe barua aisome, umuulize, "Tusome pamoja?" halafu unyamaze. Akikubali, thibitisha kabla ya Ijumaa, na nyote wawili ombeni chuoni makundi tofauti ya mazoezi. Akisita, ulizia darasa la jioni. Shahada usiiache, umeingoja vya kutosha.

Na huko chuoni yatakuwepo yatakayokushinda, hasa ya kompyuta. Mwombe yeye akufundishe. Akianza kukueleza, hata akienda taratibu, weka mikono mapajani umsikilize mpaka mwisho.