Eucabeth Avuliwa Joho

Maurine, nimetoka kanisani sasa hivi.

Pasta amemsimamisha dadangu Eucabeth mbele ya watu wote, akamwambia avue joho la kwaya kwa sababu ana mimba na hana bwana.

Akavua. Halafu akauliza polepole, "Pasta, Daudi alichukua bibi ya mtu, akafanya bwanake auawe, na bado tunaimba zaburi zake. Mimi nimeua nani?"

Pasta hata hakukasirika. Akasema, "Daudi alikuwa mfalme. Wewe unauza visamaki vya omena hapa Nambale."

Eti "unauza omena", Maurine. Mbele ya mama yetu.

Kanisa lote likacheka.

Na mimi nilicheka. Eucabeth alikuwa ananiangalia mimi tu.