Zamu ya Kondo Kuchagua Jabali

Jumapili, 8 Juni 1975

Kipupwe kimeingia. Regina kaamka kavaa sweta langu, hakuomba. Mke wa miaka yote hii aombe nini.

Nimevuta sanduku uvunguni. Kamba ipo salama! Panya wameona bora wale soksi zangu. Nati nazo zipo, zile kuukuu za reli, kila moja na ugwe wake. Yule Mgiriki wa shamba la mkonge alipoondoka alituachia kamba na ugonjwa – ugonjwa wa kupanda mawe bila kufuata asali. Kilosa nzima inatuona wehu. Misumari hatupigi. Unachomeka nati kwenye ufa, unapitisha kamba, ukiteleza inakudaka. Wa nyuma anakuja anaziokota. Jabali linabaki kama tulivyolikuta.

Safari iliyopita nilitangulia mimi, rafiki yangu Kondo akanishikia kamba. Kwa hiyo zamu hii ni yake: anachagua jabali na anatangulia. Ndiyo sheria yetu. Mwaka jana hatukwenda kokote. Kondo ni Katibu Kata siku hizi, na mwaka jana alikuwa anahamisha watu kwenda vijiji vya ujamaa.

Goti linauma. Tumbo ndilo limepona – limenenepa.

Alhamisi, 12 Juni

Kondo kaja na baiskeli, suti ya Kaunda, kalamu mbili mfukoni. Nikasimama wima: "Ndugu Katibu!" Akasema nikae kabla mlingoti haujavunjika. Alimaanisha goti.

Tukachambua. Kidete: treni inakushusha karibu na mawe ya mto Mkondoa, lakini yale mepesi tumeyamaliza na yale magumu yatatumaliza sisi. Mikumi: jabali la wastani, ngazi ngazi, jioni unashuka barabarani unakula supu na madereva wa malori. Ila kuna askari wa hifadhi wanaotaka kibali, na simba wasiotaka kibali. Kisha Mbega, upande wa Ulaya, ule mji mdogo wa huku kwetu, chini kulikokuwa kijiji cha shemeji yangu marehemu. Ufa mmoja mrefu unaoingia mkono mzima, kivuli asubuhi, jua baadaye. Hata mtu wa tumbo langu anapanda akicheka.

Yeye anataka Mikumi. Mimi nikashikilia Mbega.

Kasema Mbega hakuna mtu siku hizi. Nikamwambia bora, hakuna wa kutucheka. Akaomba chai nyingine, na sukari yenyewe ndiyo hii ya kupanga foleni.

Jumatano, 18 Juni

Nimeshinda! Kondo kanipitia kazini mbele ya mafundi wote: "Lukasi, umenichosha masikio. Mbega, tarehe kumi na mbili Julai. Ukikwama tumbo kwenye ufa nakuacha huko." Mara ya kwanza mdomo wangu kushinda kitu tangu niposwe. Yaani nipose.

Jumamosi, 21 Juni

Regina karudi kutoka soko la Ulaya. Kaweka kikapu chini, hakukaa. Kakutana na dada yangu Agnesi, mjane wa shemeji wa Mbega, anauza mbaazi mbichi. Mbaazi za wapi? Kule kijiji kipya barabarani walikohamishiwa ardhi ni kokoto tupu, hata mchicha unakataa. Dada hakumficha: karudi Mbega. Tangu kabla ya Pasaka yuko huko, peke yake, kibanda kimeegemezwa jabalini. Karibu kabisa na ule ufa wetu.

Nimekaa na kikombe mpaka chai imepoa.

Mwaka jana nyumba yake ilibomolewa na mgambo, paa likatiwa moto ili asirudi. Aliyesimamia ni Kondo. Hatukuwahi kulizungumza, mimi na yeye. Tulizungumza nati. Sasa waliorudi wengine tumesikia: vibanda vimechomwa tena, wenyewe wamelala mahabusu. Na dada ana miaka sitini kasoro.

Nami kwa ulimi wangu mwenyewe nimemsukumia Katibu mlangoni kwake. Hongera, Lukasi.

Jumatano, 25 Juni

Nimekwenda ofisini kwake kuisifia Mikumi. Nikasifia supu. Nikasifia vitanda vya gesti. Nikasifia mpaka simba.

Kondo akacheka akafuta macho. "Bwana wewe! Wiki nzima umenipigia debe la Mbega, leo umelipindua?"

Nikasema goti. Akasema si ni lile goti nililoapa kwamba Mbega halitasikia kitu? Nikasema dawa imeisha. Akaacha kucheka. Kasema yeye ndiye hakutaka Mbega, mimi nikamfanya atake. Sasa anataka akaione. Tangu siku ile hajakanyaga kule. Wenzake wa wilaya wanamwambia watu wanarudi kidogo kidogo, yeye anawajibu kwake hakuna. "Nataka nijionee nilichokisema."

Zamu ni yake. Sheria tuliitunga wenyewe, tukaifurahia.

Jumatatu, 30 Juni

Nimeomba ruhusa kazini, nimekwenda Mbega kwa baiskeli. Kijiji kimebaki kuta za udongo, mvua inazilamba. Mlangoni kwa mtu umeota mbarika. Dada nimemkuta shambani, kanga kiunoni. Mbaazi zimebeba kweli!

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekonda uso, tumbo umelificha wapi?" Halikufichika. Akacheka.

Nikamweleza. Nikamwomba siku mbili tu, ashuke alale kwetu, Regina atafurahi. Akaendelea kuchuma. Kisha kasema: "Mara ya kwanza Kondo alituma mgambo, yeye akakaa kwenye Landrova. Safari hii aje mwenyewe, kwa miguu yake, anitazame usoni ndiyo anihamishe."

Nikamwambia Kondo naye ana mabwana zake. Akilinyamazia jambo hili, atapoteza kazi.

"Nami nipoteze mbaazi ili Kondo asipoteze kalamu?"

"Kwangu ndiko alikokuwa anakula," kasema, "kila mliposhuka na vidole vimechubuka." Kweli. Chungu cha mbaazi za nazi, Kondo akifuta sahani kwa kidole, anamwita mama mkwe, dada anamfukuza na mwiko.

Nikamwomba angalau asiwashe moto siku hiyo. Akasema atafikiri. Kanijazia kikapu, kanisindikiza mpaka kwenye kaburi la shemeji. Limefagiliwa. Pale nikajua hashuki.

Ijumaa, 11 Julai

Nimefunga mizigo. Regina kasema niumwe. Nimejaribu kukohoa, mwenyewe nimecheka. Nisipokwenda mimi, Kondo atakwenda na mgambo. Heri mimi, na kamba.

Jumamosi, 12 Julai, chini ya Mbega

Jua limegeuka. Naandika nikiwa nimekaa juu ya kamba.

Tumefika asubuhi kwa njia ya kaskazini – mimi ndiye niliyeichagua, haipiti shambani. Kondo hakuuliza. Alipita kuta zile akitazama mbele tu. Akajifunga kamba, akajaribu fundo langu, nami nikajaribu lake, kama siku zote. Akaanza. Bado anapanda vizuri, mshenzi yule. Nati ya kwanza, ya pili, ananitania kutoka juu nianze kujikaza, tumbo halivutwi kwa winchi.

Akafika kwenye ule ukingo wa katikati. Kutoka pale unaona bonde lote.

Kamba ikasimama. Kwa kawaida husema "legeza" au "kaza". Nikaisubiri sauti mpaka mikono ikafa ganzi. Nikanusa nami ndipo nikajua. Dada kafikiri: kawasha. Mbaazi za nazi, harufu inapanda ukutani.

"Lukasi."

"Naam."

"Ulijua?"

Nilikuwa nimeshika uhai wake mkononi. Nikamwambia ndiyo.

Kisha: "Nishushe taratibu."

Nikamshusha. Nati zote tumeziacha huko juu kwenye ufa, hatujawahi. Alipofika chini hakunitazama. Kavua raba, kavaa viatu vya ofisini, kafunga vifungo vya shati mpaka shingoni. Kasema ana kiu, anakwenda kutafuta maji.

Kijito kiko kushoto. Kaenda kulia, moshi unakotoka.

Nikasimama nimfuate. Bila kugeuka kasema: "Zamu yangu. Baki."

Nimebaki. Miaka yote akiwa mbele mimi nimekuwa nikimsikia kwenye kamba: akisita, akiogopa, akipata pa kushika. Sasa kamba nimeikalia na haisemi kitu. Nasikiliza. Hakuna aliyepiga kelele. Hakuna aliyecheka.

Moshi bado upo, mwembamba, umenyooka.

Moto wa jikoni huzimwa chungu kikiiva. Na huzimwa pia kwa kiatu cha anayekuja kuhamisha mtu.

Moshi umekatika.