Miguu ya Kuku ya Lori la Mzee Masanja

Mtani wangu,

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya lile tairi bovu mlangoni mwa gereji yako hapa Shanwe. Ni mchana, na mkeo Mama Regina amekwenda Majengo kununua sabuni ya kunawia mikono. Gereji bado ipo. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya habari za watoto. Ilibaki kidogo isiwepo, na aliyetaka kuiua ni mimi, msaidizi wako.

Malaria ilikuchukua kwa siku sita, ya saba tukakuzika. Wewe Mfipa na mimi Mnyamwezi, watani wa jadi, kwa hiyo sikuwa na ruhusa ya kulia mbele za watu. Kazi yangu ilikuwa kuchekesha. Kaburi lilipokwisha kuchimbwa nikaruka ndani, nikalala chali kama ulivyokuwa ukilala chini ya magari, nikanyoosha mkono na kuomba spana namba kumi na tisa. Wakanipa jembe. Nikalikataa, nikasema huyu bwana hajawahi kushika jembe maisha yake yote. Wakacheka. Nikagoma kutoka mpaka niletewe jogoo, wakaleta jogoo.

Hapo ningetoka. Lakini kicheko cha watu kinalevya, nikaongeza moja: "Mnamlilia nini huyu? Lori la Mzee Masanja kaliwekea mapafu ya dume la ng'ombe na miguu ya kuku. Huko anakokwenda kuna mlima. Hapandi."

Walicheka mpaka padri akageuza uso. Mama Regina naye alicheka huku machozi yakimtoka, nikaona nimefanya kazi yangu vizuri. Nilikuwa sijamwona Mzee Masanja, amesimama nyuma ya wote, kofia mkononi, hacheki.

Lori lake unalijua kuliko mimi. Ni wewe uliyeliwekea ile turbo, pampu ya kuisukumia injini hewa, uliyoitoa kwenye gari lililopinduka, ili lipande mlima wa njia ya Karema na mzigo kamili bila kulialia. Wiki uliyokuwa kitandani lilishindwa mlima huo mara mbili. Injini inanguruma, magurudumu yamesimama, harufu ya klachi kuungua imejaa kwenye kabini. Mara zote mbili Mzee alishusha mahindi yake kando ya barabara, akalala nayo. Sikukwambia. Ulikuwa hujitambui kwa homa.

Basi matanga yalipokwisha akaja gerejini. Hakupaza sauti, unamjua. "Mtani hasemi uongo msibani," aliniambia. "Wewe ndiye rafiki yake, na umesema mbele ya kaburi." Akasema atakwenda kuing'oa turbo kwa fundi mwingine, na gari lake halitakanyaga tena hapa. Nikamweleza kwamba ule ulikuwa utani tu. Akaniuliza kama lori lilipanda. Nikajibu halikupanda. Akasema basi.

Maneno yakasambaa. Majengo nzima wakaanza kuiita Gereji ya Miguu ya Kuku. Wiki ya pili tulipokea baiskeli moja, imetoboka tairi. Jina ulilolijenga kwa miaka kumi na minne nililiangusha kwa sentensi moja, nikiwa nimelala mahali pako.

Mama Regina hakunilaumu. Alijitanda khanga, akaenda mwenyewe kwa Mzee, akamwomba mlima mmoja tu. Mzee akakubali: lipande mara moja likiwa limejaa, kabla ya mvua za kwanza. Likishindwa, anaondoka nalo. Jioni ile ile lori likaletwa, nikaingia chini yake.

Sasa sikiliza. Uliniambia mara ngapi sijui: pedali ya klachi lazima icheze kwanza, upana wa vidole viwili, ndipo ishike. Na ipimwe kwa mguu mtupu. "Kiatu kinadanganya, mpagazi," ulikuwa ukisema, kana kwamba babu zangu walibeba mizigo ya dunia nzima ili mimi nije nivuliwe viatu na Mfipa anayekimbia radi. Nilikuwa nacheka na kuvaa viatu vyangu.

Siku ulipougua, dereva wa Mzee alikuja akilalamika kwamba pedali inazama mno, goti linamuuma. Nilitaka na mimi siku moja niitwe fundi. Nikaikaza ile nati ya kurekebishia klachi mpaka pedali ikawa inashika juu kabisa, nikaipima na kiatu, dereva akaondoka ananisifu. Nilisahau jambo hilo kabisa. Nililikumbuka nilipolala chini ya lori nikaona kwenye nati ile alama mpya za spana yangu, zinang'aa.

Pedali isiyocheza haiiachi klachi ifunge sawasawa. Ni sawa na kuikanyaga kidogo muda wote. Injini ile ya zamani ingevumilia miezi. Kwa nguvu za turbo klachi iliteleza, ikaungua. Lori uliliacha na miguu ya ng'ombe, mtani. Ya kuku niliiweka mimi.

 Mama Regina aliniita chakula mara mbili kabla sijatoka chini ya lori.

Kilichofuata ni kazi, na wewe unapenda kusikia kazi. Nilishusha giaboksi. Pleti ya klachi ilikuwa nyeusi, na springi zote tisa zinazoibana zimelegea kwa moto. Pleti mpya ilikuja na treni kutoka Tabora. Springi nilizichukua kwenye skrepa yako nyuma ya choo, zile ngumu za lori la kijeshi. Nikafunga zote tisa, pedali ikawa jiwe. Dereva aliikanyaga kwa miguu miwili, akaniuliza kama namtakia mema. Nikashusha tena giaboksi. Nikafunga ngumu tatu na za kawaida sita. Tukajaza mchanga tukajaribu, ikashika vizuri mpaka kona ya pili ya mlima, kisha ile harufu. Nikashusha mara ya tatu. Ngumu sita, za kawaida tatu, nikizipanga ngumu mbili, laini moja, kuzunguka pleti nzima, ili ibane sawa pande zote. Halafu nikavua viatu, nikaikanyaga pedali, nikarudisha nati mpaka vidole vyangu viwili vikaenea. Nikapima tena. Nikamwita Mama Regina apime kwa vidole vyake. Vikaenea.

Siku ya mlima wingu lilikuwa tayari limekaa upande wa ziwa. Mzee Masanja alikaa katikati, mimi mlangoni, viatu vya dereva mapajani mwangu maana nilimkatalia kuendesha navyo. Mahindi yalijaa mpaka juu ya bodi. Kona ya kwanza tuliipita. Kona ya pili nilifumba macho, nikawa nanusa tu. Nikanusa vumbi, mahindi na miguu ya dereva. Nilipofumbua tulikuwa juu.

Mzee aliteremka, akainama akatazama chini ya gari kama anayekagua ng'ombe mnadani. "Hii ni kazi ya marehemu?" akauliza. Nikamwambia ni ya marehemu, aliyeiharibu ni mimi. Akanitazama, akasema, "Kawaambie na wale uliowachekesha."

Hapo ndipo penye taabu. Utani hauombewi msamaha, na mtani anayesema samahani watu hawajui wamweke wapi. Lakini Jumamosi iliyopita tulikuja kukuwekea msalaba, na baada ya sala nikasimama. Sikuruka popote. Nikasema yote: nati, dereva, kiatu. Nikasema miguu ya kuku ni yangu. Hakuna aliyecheka. 

Kisha Mama Regina akaja mbele. Umesahau kwamba na yeye ni Mfipa? Mimi nilisahau. "Mpagazi," akasema, "vua viatu." Nikavua. Akanitwika sanduku lako la spana alilokuja nalo makusudi, akaniamuru nilibebe peku mpaka Shanwe.

Watu walinifuata nyuma wakicheka, Mzee Masanja akiwa mmoja wao. Jua kali, kokoto zinachoma, sanduku lako lina uzito wa ndama. Ndani ya kelele ile nililia, mtani, kwa mara ya kwanza tangu ufe. Nilikulilia njia nzima. Hakuna aliyejua, walidhani ni kokoto.

Viatu vyangu Mama Regina amevipigilia misumari juu ya mlango. Mteja akiuliza, namweleza. Leo asubuhi tulikuwa na magari mawili.

Lala salama. Kila pedali itakayopita hapa nitaikanyaga peku na kuipima vidole viwili. Na siku yangu ikifika, kwa kuwa wewe umetangulia na huwezi kuniingilia kaburini, nimemwomba Mama Regina aruke yeye, na viatu vile mkononi. Ameniuliza aseme nini. Nimemwambia aseme kweli.

Mpagazi wako.